Nyumba ya Picha ya Misumari

Fundi makochi wa mtaa ule alikuwa mwanamke, na watu wote walimwita Misumari. Halikuwa jina la kumdhihaki. Alilipata kwa sababu akiwa kazini hubana misumari midogo kati ya midomo, akiitoa mmoja mmoja kila anapouhitaji, huku nyundo ikigonga bila kupumzika. Mteja akiingia wakati huo, alijibiwa kwa nyusi. Nyusi zikipanda, maana yake karibu uketi. Zikikunjana, maana yake kochi lako bado, na usinichoshe.

Alikuwa mtu wa makamo, mnene kiasi, mwenye viganja vigumu kama soli na kicheko cha ghafla kilichowashtua paka wa jirani. Aliwahi kuolewa, wakaachana kwa heshima bila kurushiana maneno, na tangu hapo akarudi kuishi na wazazi. Baba alipofariki, wakabaki wawili, yeye na mama. Chumba cha mbele, chenye mlango wa kutazama barabara, kilikuwa karakana: mbao zimeegemezwa pembeni, sponji zimepangwa hadi darini, springi kuukuu ndani ya ndoo. Chumba cha kati kilikuwa sebule, na hapo palikuwa na kochi moja bovu kuliko yote mtaani, maana kochi la fundi hutengenezwa mwisho, na mwisho haufiki.

Mama yake alikuwa dobi wa hospitali maisha yake yote. Shuka alizofua na kupiga pasi zingeweza kutandikwa kuuzunguka mji. Hata baada ya kustaafu mikono ilikataa kustaafu. Akiona doa, alilifuata mpaka liishe. Lakini miaka ya karibuni kitu kingine kilianza kufutika, nacho kilikuwa kumbukumbu yake. Ilianza na mambo madogo: chumvi mara mbili kwenye chakula, kiatu ndani ya kabati la vyombo. Kisha siku moja akasimama mlangoni jioni, akatazama barabara, akasema, "Baba yenu amechelewa leo."

Misumari alitoa msumari mdomoni ili ajibu, kisha akaurudisha.

Dawa ya kwanza waliipata kwa bahati. Mdogo wake Misumari, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja kuwatembelea, akaunganisha simu yake na runinga ili aonyeshe picha za watoto wake. Katika kupitia picha ikatokea moja ya marehemu baba, amesimama kando ya baiskeli, kubwa kama dirisha. Mama, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akasogea mbele.

"Hilo shati nililipiga pasi mimi," akasema. "Kola yake ilikuwa kaidi."

Akaanza kuongea. Aliongea mpaka chai ikapoa. Tangu siku ile Misumari akajua kwamba mama bado yumo ndani, ila mlango wake unafunguliwa kwa picha.

Tatizo ni kwamba picha zilikuwa zimetawanyika kama kuku wasio na banda. Nyingine kwenye simu ya mdogo wake, nyingine kwa kaka yao mkubwa aliyekuwa akifanya kazi nchi ya mbali, nyingine katika albamu chini ya kitanda, na nyingine kwenye simu ya Misumari mwenyewe, iliyojaa picha za makochi. Na ni makochi hayo yaliyoleta msiba. Siku moja mteja alitaka kupigiwa picha kiti chake kilichokamilika, simu ikagoma, imejaa. Misumari, gundi vidoleni, haraka haraka, akafuta kundi zima la picha akidhani ni za sampuli za vitambaa. Baadaye ndipo alipogundua. Ndani ya kundi lile mlikuwa na video fupi ya baba akicheza kwenye harusi ya mdogo wake Misumari, koti limefunguka, mikono juu, mama akimpigia makofi. Nakala nyingine haikuwapo popote.

Alipomwambia mdogo wake, wote wawili walilia. Kisha mdogo ndiye aliyejifuta machozi kwanza. "Yaliyopita si ndwele, dada. Tugange yajayo."

Kaka yao naye walimpigia simu wakamweleza.

"Sisi tuna nyumba lakini hatuna kabati," akasema. "Tutafute mahali pamoja. Kila mtu aweke, kila mtu aone."

"Si kuna yale makampuni ya kuhifadhi picha?" Misumari akauliza.

"Yapo, na watu wengi wanayatumia. Ila mimi, dada, sijisikii vizuri. Mama yumo humo na gauni lake la kulalia. Nataka akae kwetu."

Neno hilo, akae kwetu, lilimkaa Misumari moyoni.

Mtu wa kuulizwa alikuwa shemeji, mume wa mdogo wake. Alikuwa mtunza kompyuta wa chuo kimoja, mrefu, mwembamba, mpole mpaka anaziomba mashine samahani kabla ya kuzizima. Mifuko yake haikukosa waya, kwa hiyo Misumari alimwita Bwana Kebo, naye alilipenda jina hilo kuliko cheo chake.

"Mnachotaka ni seva ya nyumbani," Bwana Kebo akasema, macho yaking'aa. "Kompyuta inayokaa imewashwa siku zote, haina kazi nyingine ila kuwatumikia wengine."

"Kama mimi," Misumari akasema.

Kompyuta yenyewe haikuwa taabu kuipata. Ofisi moja iliyokuwa imeleta viti kufunikwa upya ilikuwa ikitupa mashine zake za zamani, akaomba moja, wakampa na vumbi lake. Shemeji akaifungua, akaipuliza, akaweka diski kubwa zaidi. Kisha akaketi kwenye lile kochi bovu, springi ikamchoma, akahamia kwenye kigoda.

"Sasa lililobaki ni mfumo endeshi. Kompyuta bila mfumo ni fremu ya kochi isiyo na springi. Na mimi nashauri tutumie mfumo huria."

"Huria ndiyo nini?"

"Watu wameuandika, kisha wakauacha wazi. Yeyote anaweza kuona ulivyotengenezwa, kuurekebisha, kuutumia bila kumwomba mtu ruhusa."

Misumari akaweka nyundo chini. Katika kazi yake alikuwa amefungua makochi mengi yaliyong'aa kwa nje, na ndani akakuta matambara, magazeti, mara moja suruali nzima. Alichukia kazi iliyofichwa kuliko alivyochukia kazi mbaya.

"Yaani naweza kuchana kitambaa cha chini nikaona walichojaza?"

"Unaweza. Na usipojua kusoma ulichokiona, wapo wengi wanaojua, na wanakitazama kila siku."

"Basi huo ndio wangu," akasema Misumari, akidhani kwamba mambo yameisha. Kumbe ndiyo kwanza yanaanza, kwa sababu mifumo huria iko mingi, na kila mwenye wake anauona ndio bora.

Bwana Kebo alikuwa na wa kwake. Aliupenda Debian, tena Debian tupu, bila picha wala mapambo, skrini nyeusi na maandishi meupe. Huko chuoni ndio aliokuwa akiuendesha, nao haukuwahi kumwangusha. Jumamosi moja akaja, akausakinisha, akaandika amri zake kwa vidole vyepesi kama mpiga kinanda, na kabla ya chakula cha mchana picha za baba zilikuwa zikipita kwenye runinga. Mama alicheka. Misumari alipiga vigelegele.

"Ikizima, unaiwasha hivi, halafu unaandika amri hizi," shemeji akaeleza.

Misumari hakuwa na karatasi karibu, ila fundi makochi hakosi chaki. Akaziandika amri zote kwenye ukuta wa karakana, herufi kwa herufi, vistari na nukta zake, akasimama nyuma akizitazama kama mtu aliyeandika lugha ya malaika.

Mambo yakaenda vizuri mpaka umeme ulipokatika. Uliporudi asubuhi ya pili, mashine ikawaka lakini picha hazikutokea. Misumari hakushtuka. Akaenda karakana kusoma ukuta. Ukuta ulikuwa mweupe unang'aa. Mama alikuwa amesimama mbele yake na kitambaa kibichi mkononi, ameridhika na nafsi yake.

"Ulikuwa mchafu huu ukuta, mwanangu," akasema. "Sijui nani alikuwa anachorachora."

Misumari akacheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni, akaiokota akiendelea kucheka. Lakini kicheko hakikufika mbali. Bwana Kebo alikuwa kazini na simu yake haipokelewi. Mama aliketi mbele ya runinga nyeusi tangu asubuhi, mikono mapajani, na kila baada ya muda aliuliza, "Mbona baba yenu hatoki?" Misumari alijaribu amri alizozikumbuka. Mashine ilimjibu kwa mistari ya Kiingereza asiyoielewa. Alipojaribu tena, ikamjibu zaidi. Alasiri mama alichoka kungoja, akaenda kulala bila kula. Fundi akabaki ameketi sakafuni karibu na mashine, amekasirika, na zaidi ya hasira, amejiona mjinga. Hakupenda kujiona hivyo ndani ya nyumba yake.

Shemeji alipofika jioni, alirekebisha kwa pumzi moja. Misumari akamkaribisha chai, akamwacha anywe, ndipo akasema.

"Shemeji, nakushukuru. Lakini huu mfumo siutaki."

"Debian? Hakuna imara kama huo!"

"Sijasema ni mbaya. Nimesema siutaki. Nataka mwingine."

Bwana Kebo akatabasamu. "Mchagua jembe si mkulima, shemeji."

"Na mkulima asiyechagua jembe huchagua malengelenge. Nisikilize. Wewe ukiwa hupo, na mfumo ukiugua, mimi ndiye nipo. Nataka mfumo ambao naweza kuupa dawa mwenyewe. Nataka ukurasa wenye vitufe ninavyoviona, si giza. Nataka kaka awe na ufunguo wake na mdogo wangu wake. Na usitake mashine mpya, maana mashine ni hii."

Shemeji alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilionekana kumgusa kidogo. Kisha akasema taratibu, "Unajua, nilikuchagulia ninaoupenda mimi."

"Ndivyo wanaume wanavyowanunulia wake zao makochi," Misumari akasema, na wote wakacheka, na hapo kinyongo kikakosa pa kukaa.

Wakakubaliana kutafuta upya, na safari hii kwa njia ya Misumari. Kwake kochi halichaguliwi kwa macho. Unalikalia, unajinyoosha, unainuka, unasikiliza kama linalalamika. Vivyo hivyo mfumo utakaliwa kwanza.

Shemeji alitaja mfumo uitwao TrueNAS, akiusifia kwa ulinzi wake wa diski. Lakini waliposoma mahitaji yake wakaona unataka kumbukumbu kubwa kuliko ile ya mashine yao. "Hili ni kochi la ikulu," Misumari akasema. "Hapa kwetu halipiti mlangoni." Wakauacha bila ugomvi.

Baada yake ukaja OpenMediaVault, na huu Misumari aliupenda. Chini yake mlikuwa na Debian uleule wa shemeji, ila juu umevalishwa kitambaa: unafungua ukurasa kwenye kivinjari, unaziona diski zako, unabonyeza. Aliishi nao kwa muda, akauona kabati zuri la kuwekea mafaili. Taabu ilikuja alipotaka programu ya picha na mlango wa kaka kuingilia kutoka mbali. Yote yaliwezekana, shemeji akamwonyesha, ila kulikuwa na hatua katikati ambazo alijua hatazikumbuka umeme ukikatika na mama anangoja. Akainuka kwenye kochi lile kwa heshima.

Ni kaka aliyeleta jina la mwisho. Mfanyakazi mwenzake alikuwa akitumia YunoHost, uliotengenezwa makusudi kwa watu wanaotaka seva yao lakini si mafundi. Hakuna aliyejua jina linatamkwaje. Bwana Kebo alilitamka hivi, mkewe vile. Mama, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, akainua kichwa.

"Yunusi gani huyo? Anakuja lini?"

"Anakuja Jumapili, mama," Misumari akajibu.

Jumapili ile Misumari aliweka sharti moja. Atasakinisha mwenyewe. Shemeji akaketishwa kwenye kochi, akapewa mto aukumbatie kwa mikono miwili, akaapishwa kutougusa mfumo isipokuwa ameitwa. Alihangaika yule mtu! Kila Misumari aliposita, mto ulibanwa. Mdogo wake alisimama nyuma akimtafsiria maneno ya Kiingereza, na maneno yenyewe, ukiyajua, yalikuwa yaleyale yakijirudia, kama vipimo vya mbao. Akachomeka flashi yenye mfumo. Akachagua diski, akaisoma mara mbili kabla ya kukubali kufuta, kwa sababu kufuta kulikuwa kumemfunza adabu. Wakasubiri. Kisha ukurasa ukafunguka kwenye kivinjari, mweupe, mtulivu, unamwomba achague nenosiri la msimamizi.

"Msimamizi ni nani?" akauliza.

"Ni wewe," mdogo wake akasema.

Misumari akakaa wima.

Akamfungulia kaka akaunti yake, kisha mdogo wake, kisha shemeji. Akaingia kwenye orodha ya programu, kila moja na picha yake kama vitambaa dukani, akatafuta ya kuhifadhi picha, akabonyeza, ikajisakinisha yenyewe. Kilichomteka zaidi ni ukurasa wa uchunguzi. Mfumo ulijipima wenyewe na kueleza kilicho kizima kwa kijani na kilicho kigonjwa kwa nyekundu, na kando yake ushauri. Nyekundu moja ilihusu mlango wa ruta ya intaneti. Hapo akageuka.

"Bwana Kebo, weka mto. Umeitwa."

Shemeji aliruka kama mpira. Akaingia kwenye ruta, akafungua mlango uliotakiwa, akaeleza kwa nini anafungua huo tu na si mwingine. Nyekundu ikageuka kijani. Ilibaki nyingine ya mambo ya barua pepe, naye akamwambia aiache, kwa kuwa hawakuwa na haja ya kutuma barua kutoka pale. Misumari haikumpendeza kuiacha nyekundu, lakini aliiacha.

Kaka aliingia kutoka mbali siku ileile. Wakamwona, yaani wakaona picha zake zikianza kudondoka moja baada ya nyingine: watoto wake, jikoni kwake, yeye mwenyewe na ndevu ambazo nyumbani hawakuzijua. Mdogo wake akaleta za kwake. Albamu ya chini ya kitanda ikapigwa picha ukurasa kwa ukurasa pale mezani, shemeji ameshika taa. Runinga ikawa na kazi tena.

Mama alikubali kwamba Yunusi ni mpangaji. Aliambiwa yumo ndani ya lile sanduku linalovuma kwenye kona, na ndiye anayeleta picha, akaona ni jambo la kawaida kabisa. "Huyu Yunusi ameshakula?" aliuliza kila mchana. Sanduku lilipangwa mbali na kitambaa chake kibichi, kwa kuwa alitaka pia kumwosha.

Na picha zikafungua milango. Siku moja ile ya baba na baiskeli ilipopita, mama akacheka peke yake.

"Baiskeli si yake hiyo."

"Si yake?" Misumari akauliza. Maisha yao yote watoto walikuwa wamesimuliwa juu ya baiskeli ya baba.

"Aliiazima kwa mpiga picha. Alitaka nimwone mtu wa maana. Na mimi nilijua, maana mpiga picha alikuwa analeta nguo kwangu kufuliwa, na baiskeli ile alikuja nayo." Akapangusa macho kwa ncha ya kitambaa. "Nikanyamaza. Mwanaume akijitahidi hivyo, unamwachia."

Misumari alimpigia kaka simu palepale, mama akairudia hadithi, na safari ya pili ilikuwa ndefu zaidi na baba alikuwa mwongo zaidi.

Bwana Kebo, kwa upande wake, alibaki na dai moja tu ambalo hakulegeza: nakala ya akiba. Alileta diski ya pili, akamfundisha Misumari kuweka humo nakala ya kila kitu, na haikumtosha. "Nakala usiyoijaribu ni matumaini tu," alisema. Akamlazimisha arudishe picha kutoka kwenye nakala ili ajue njia. Misumari alinung'unika kwamba kazi zimemjaa, mteja anangoja viti, lakini alijaribu. Akajaribu tena shemeji akiwa anatazama. Mara ya tatu shemeji alikataa hata kutazama.

Siku diski ya kwanza ilipokufa, ilikufa kwa kelele, tak tak tak kama nyundo ndogo, kisha kimya. Misumari alisimama mbele ya sanduku. Akaivaa miwani yake ya kushonea. Akazima, akafungua, akachomoa, akaweka diski mpya, akachomeka flashi na kuanza upya kama siku ile ya Jumapili, kisha akarudisha nakala. Hakumwita mtu. Alipokwama alisoma alichoandikiwa kwenye skrini, na aliposhindwa kuelewa neno alimpigia mdogo wake kuuliza neno, hakumwambia ni la nini. Mdogo wake naye si mjinga, akamwambia mumewe.

Bwana Kebo alikuja mbio, nywele wima, waya zikining'inia kila mfuko. Alimkuta shemeji yake anakula na mama, runingani wajukuu wanapita mmoja mmoja.

"Diski!" akasema akihema.

"Imekufa, Mungu ailaze pema. Nawa mikono ule."

Shemeji aliketi. Akatazama runinga, akatazama sanduku, akatazama sahani. "Sasa mimi kazi yangu itakuwa nini hapa?"

"Ungekuwa hukunilazimisha ile nakala, sasa hivi tungekuwa tunalia," Misumari akamwambia, na hakuwa akitania. "Kula."

Ugonjwa wa mama haukurudi nyuma. Hakuna mfumo wa kompyuta unaoweza hilo, na Misumari hakujidanganya. Ilifika asubuhi ambayo mama alimwangalia akiwa amemletea uji, akamshukuru kwa adabu kama anavyoshukuriwa mgeni. "Ahsante, mama. Mna roho nzuri nyumba hii." Misumari alirudi karakana, akashika nyundo, akagonga kidole chake mwenyewe, akapata sababu ya kulia.

Mchana wake walikaa pamoja mbele ya runinga. Ikapita picha ya Misumari kijana, amepiga magoti mbele ya kiti chake cha kwanza kukifunika, uso umejaa vumbi. Mama akanyoosha kidole.

"Huyo ni mwanangu. Fundi huyo. Anatengeneza viti vya watu wakubwa." Sauti yake ilijaa fahari. "Ukimwona mwambie asichelewe kurudi."

"Nitamwambia, mama," Misumari akasema.

"Mwambie nimemwekea chakula."

"Atafurahi sana."

Mama akamshika mkono, mkono mgumu ule, akaubakisha mapajani mwake. Wakaendelea kutazama.

Mwaka uliofuata kaka aliweza kuja likizo. Njia nzima, kama alivyosimulia baadaye, alikuwa amejiandaa kutotambuliwa. Alimwambia mkewe kwamba hatalia, kwamba ataeleza yeye ni nani kwa upole, mara nyingi kadiri itakavyohitajika. Akaingia sebuleni na begi lake na ndevu zake, akasimama. Mama alikuwa akikunja taulo. Akainua macho, akamtazama tangu viatu hadi kichwani, wala hakushangaa, kwa sababu uso ule na ndevu zile alikuwa akiviona kila siku.

"Umefika," akasema. "Na yule mtoto wako aliyeng'oka meno umemwacha na nani?"

Kaka mtu mzima, mwenye mvi, aliyeapa kutolia, akaweka begi chini akalia waziwazi, huku akijaribu kujibu kwamba mtoto yuko salama, meno yameshaota.

"Basi kaa. Unalia nini?" mama akamwambia, akampa taulo.

Akaketi kwenye lile kochi bovu. Springi ikamchoma akaruka, na kutoka mlangoni, Misumari akaachia kicheko chake.